Mpira Ulioishia Chini ya Miguu ya Mama

Baba, shikamoo.

Najua marahaba yako haiji, lakini ulinilea hivyo na siwezi kukurukia na maneno kabla sijakuamkia. Pokea salamu, kisha ukae. Kama huko uliko watu hukaa, kaa. Mimi tangu juzi saa nne asubuhi sijakaa nikatulia.

Nimejua kilichokuwa kinamwumiza Mama.

Naandika tena ili na mimi niamini. Nimejua. Haikuwa presha, hazikuwa kona za barabara ya Soni, halikuwa jini wala kisirani. Ulikuwa wewe, Baba. Wewe na kisu chako cha kukatia kabichi, na ile tabia yako ya kutengeneza kila kitu mwenyewe.

Juzi niliiteremsha pikapu yako hadi Soni kwa fundi. Tangu ulipotutoka ilikuwa imekaa chini ya turubai kando ya nyumba, kuku wanataga nyuma kwenye bodi, na mimi kila nikipita najiambia kesho. Mwishowe karoti zikakomaa na sikuwa na wa kunibebea. Nikafukuza kuku, nikaweka betri, nikaiwasha. Niliendesha dirisha likiwa wazi na kiwiko nje, ingawa ukungu wa Magamba ulikuwa unaniuma mpaka masikioni, kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha. "Usipoisikia injini yako, wewe si dereva, wewe ni mzigo." Ulinisema hivyo siku ya kwanza nilipofunga kioo kwa baridi, na sijakifunga tena.

Fundi Hamza, yule mfupi wa kofia ya sufu, alifunua boneti, akainama. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwahi kudhani mtu anaweza kuuliza kuhusu gari.

"Dada, hii injini inapumulia wapi?"

"Inapumua?"

Akacheka. Akanieleza kwamba injini ya dizeli ikichoka, moshi kidogo hupenya pembeni ya pistoni ukashuka kule chini kwenye oili. Huko hauwezi kukaa. Usipopata pa kutokea, utafumua sili zote zinazozuia oili, nayo itamwagika barabarani. Kwa hiyo kiwandani waliweka kibomba cha kuutoa na kuurudisha kwenye njia ya hewa, injini iuvute tena na kuuchoma. Na wewe, akasema, ulikuwa umekibadilisha. Ule mdomo wa kwenye njia ya hewa uliuziba kwa kipande cha tyubu na klipu mbili, na kwenye kibomba chenyewe ukachomeka mpira wa kijani, ukaelekea chini.

"Mzee alijua anachofanya," Fundi Hamza akasema. "Injini ya umri huu ukiiacha ivute moshi wake, inakunywa oili yake yenyewe. Siku moja itakugomea kuzima."

Nikavimba kichwa, Baba. Sikufichi. Nilisimama pale gereji nikajiona binti wa mhandisi. Nikakumbuka siku uliyorudi nyumbani umepauka, ukatuambia umeiona pikapu ya mwenzako imewehuka palepale kwenye mlima wa Soni. Katoa ufunguo, kauweka mfukoni, injini bado inapanda mvumo kwa nguvu ya oili yake, watu wanakimbilia mtoni, mpaka ikapasuka yenyewe. Hukula siku ile. Ulikaa ukimtazama Mama, kisha ukasema, "Hiyo haitatukuta sisi." Kesho yake mapema ukalala chini ya gari. Ulifanya kwa kutupenda, hilo nalijua, na ndilo linalonichanganya akili.

Kwa sababu Fundi Hamza hakuishia hapo. Aliufuata ule mpira kwa mkono, akashuka nao nyuma ya injini, akalala chini kwenye gunia lake, na sauti yake ikabadilika.

"Umeishia hapa?" Alikuwa akiniuliza mimi, kana kwamba niliuweka mimi. Kisha akatoka, akafungua mlango wa kushoto, akaliinua lile kapeti jeusi ulilolipigilia kwa misumari mifupi. Chini yake bati lilikuwa limeoza. Tundu la kutosha kupitisha sahani ndogo ya kikombe. Tuliona ardhi ya Soni kupitia sakafu ya gari lako, na pembeni mwa lile tundu masizi ya mafuta, meusi, mazito, ya miaka. Mdomo wa mpira ulikuwa hapohapo chini, umekakamaa, umeelekea juu kidogo.

"Nani alikuwa anakaa upande huu?"

Nikashika mlango, nikabaki nalitazama lile tundu.

Alidhani sijaelewa, akaniambia nipande, nifunge vioo vyote viwili, nikae. Akaiwasha injini akawa anaikanyaga taratibu kama inapanda mlima na mzigo. Nilikaa kiasi cha kuchemsha chai. Mwanzoni harufu ndogo tu, kama ya kibatari kilichozimwa sasa hivi. Halafu nikahisi kitu kinanibana kwenye paji la uso, pale pale, Baba, pale Mama alipokuwa akifunga fundo la kanga na kulikaza kwa meno. Mate yakanijaa mdomoni. Niliruka nje nikatapika kando ya magunia ya viazi ya watu, na mama mmoja muuza kabichi akaniambia, "Pole mama kijacho," wenzake wakaangua kicheko.

Unakumbuka kwamba Mama naye walimwambia hivyohivyo? Katika umri ule! Ukaja nyumbani unachekacheka ukimtania kwamba umeongezewa mtoto wa uzeeni. Baadaye utani ukaisha. Wakasema presha, akapimwa, hana. Wakasema njia ina kona nyingi, kana kwamba kona zilichongwa mwaka ule, wakati Mama alikuwa akishuka nawe gulioni tangu mimi nabebwa mgongoni. Wakasema kuna mkono wa mtu. Ukamletea kombe kwa shehe, maji ya aya zilizooshwa, akanywa bakuli zima. Na kila siku ya gulio ulimpandisha tena kwenye kiti kilekile, ukamfunika blanketi, na kwa sababu mgonjwa hapigwi na upepo, ukampandishia kioo mpaka juu.

Abiria wengine walijishushia vioo wenyewe. Sisi wanao tulikaa nyuma kwenye bodi tunapigwa na hewa ya mlimani. Wewe ulikuwa na kiwiko chako nje. Mama peke yake ndiye uliyemtunza vizuri.

Na sasa nikuambie lile lililonitoa machozi nikiwa bado nimeinama pale Soni. Nilikumbuka mpira ule ulitoka wapi. Ulikuwa wa kumwagilia bustani ya Mama, ule mrefu unaoteremsha maji kutoka mfereji wa juu hadi kwenye matuta yake ya mchicha na liki. Ulikwenda na kisu ukataka ukate kipande kirefu, kitakachofika mpaka nyuma ya gari. Mama akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. "Weee! Utanikatia maji yangu yote? Matuta ya chini nitayamwagilia na mate?" Ukacheka, ukamwonea huruma. Ukakata kipande kifupi tu, kama mkono wako tangu begani hadi vidoleni. "Haya, bibie, bakia na mto wako." Nilikuwepo, nilikuwa naosha karoti. Nilicheka na nyinyi.

Nimeduwaa, Baba. Kila nikiligeuza jambo hili naona huruma tu. Hasira zangu nimezunguka nazo siku tatu, sijapata pa kuzitua.

Ingekuwa ni kichwa tu, ningesema basi, kichwa huuma kikapoa. Lakini wewe na mimi tunaijua ile asubuhi ya mwezi wa saba. Simu ilitoka Korogwe baada ya swala ya alfajiri: Bibi, mama yake Mama, amefariki, maziko ni baada ya alasiri, na kwa kuwa Mama ndiye binti mkubwa, yeye ndiye anayengojwa amwoshe mama yake. Usia wa Bibi ulikuwa huo, asioshwe na mkono mwingine kama mkono wa mwanawe mkubwa upo. Mama hakulia hata. Alifunga kanga, akachukua udi na marashi aliyoyaweka kwa ajili hiyo miaka mingi, akapanda mbele. Mimi na shangazi zangu tukapanda nyuma na magunia ya viazi na karoti za msibani.

Ukungu siku ile ulikuwa huoni mbele. Ulifunga kioo cha Mama.

Kabla ya Soni alikuwa ameshatapika mara mbili. Ulisimama, tukampeleka zahanati, wakasema ni mshtuko wa msiba, wakamlaza. Akipumzika kule ndani, kichwa kinatulia. Akisema "nimepona, twende," tunampandisha, unamfunika, unafunga kioo. Baada ya Soni alizimia. Nakumbuka ulivyompigapiga mashavu ukimwita kwa jina lake la usichana. Shangazi wakalia kwamba sasa tutazika wawili. Ukageuza gari, ukapanda nalo mpaka hospitali ya Lushoto, ukiendesha huku unalia, kioo chake kikiwa kimefungwa.

Juzi nilizihesabu kichwani kona kuanzia pale ulipogeuza. Zilikuwa zimebaki sita. Sita tu, halafu Mombo, chini ya mlima, na joto lake, ambako hakuna mtu anayefunga vioo. Angepata hewa. Angekaa akatulia. Angefika Korogwe kabla ya adhuhuri.

Mama Mdogo Zuhura ndiye aliyemwosha Bibi. Jioni alipiga simu, akasema maneno machache, ukaniwekea sikioni kwa sababu wewe hukuweza kumjibu: "Mwambieni dada tulimngoja mpaka maji yakapoa." Akakata. Tangu siku hiyo hadi jana, miaka tisa, hakumwamkia Mama. Mdogo mtu! Sikukuu zikapita, harusi ya mwanawe ikapita, msiba wako ukapita, akatuma mwakilishi. Kule Korogwe ikawa inasemwa kwamba binti mkubwa alinuna na mama yake, wakakumbushana kwamba Idi ya mwaka ule Mama hakushuka. Ni kweli hakushuka. Alikuwa anaumwa kichwa cha mpira wako.

Mara mbili zaidi ulimpeleka. Mara mbili mkarudi njiani. Nilikuambia umpandishe basi, ukanikaripia: mke wako hawezi kutapika mbele za watu wakati una gari lako mwenyewe. Baada ya hapo Mama alikataa kupanda chombo chochote. Alikwenda kwa miguu kila mahali, na mahali pasipofikika kwa miguu akapafuta moyoni.

Nami nina dhambi yangu, nikuambie na wewe, ulikuwa hujui. Siku moja tulikorofishana jikoni, nikamwambia Mama, "Ungetaka kweli kwenda, ungefika." Alitoka akaenda kupalilia. Nilidhani nimemshinda.

Fundi Hamza aliimaliza kazi kwa saa mbili, Baba. Saa mbili! Aliung'oa mpira wako, akaweka mweusi wa kuhimili oili, akaufunga kwa klipu kufuata chuma cha chesesi, ukapita chini ya kabini, ukapita chini ya bodi, mdomo wake ukatokea kule nyuma kabisa ukitazama ardhi. Akachomelea bati jipya sakafuni. Wazo lako aliliacha lilivyo, akaongeza urefu tu. Nikamwambia anipe kile kipande cha kijani, nikakitia kwenye mfuko wa Rambo.

Njiani kurudi nilikuwa nabishana nawe kwa sauti. Nimwambie, nisimwambie? Mama anakusifu kila siku. Anapomwambia mtu habari zako husema, "Marehemu hakuwahi kuniacha nipigwe na upepo." Ningemwambia nini sasa? Nilisimamisha gari mara mbili nikataka kuutupa ule mfuko bondeni.

Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikautoa mpira nikauweka kwenye ungo mbele yake.

"Huu si wangu?" akasema. Alichokatiwa kwa kisu hakukisahau.

Nikamweleza yote, kama Fundi Hamza alivyonieleza, nikachora na injini kwa kijiti mchangani. Alinisikiliza bila kupepesa. Halafu akauliza swali moja.

"Baba yako alijua?"

"Hakujua, Mama."

"Una hakika?"

"Angejua asingekufungia kioo."

Akatikisa kichwa taratibu. Akarudi kwenye maharage yake, akachambua kidogo, mkono ukasimama. Na hapo akasema neno ambalo sitalisahau mpaka nami nifunikwe udongo.

"Kwa hiyo mimi sikumkataa mama yangu."

Baba, alikuwa anaamini! Miaka tisa tulikuwa tunamtetea kwa watu, kumbe yeye mwenyewe hakuwa upande wake. Aliniambia kwamba yeye na Bibi waliachana vibaya mara ya mwisho, kwa jambo dogo la shamba, na siku ile mwili ulipomgomea barabarani alidhani ni moyo wake mwovu umekataa kwenda, ukajificha kwenye kichwa. Aliposali alikuwa akiomba msamaha kwa kosa hilo. Kila swala, swala tano, miaka tisa. Nikamwangukia miguuni nimwombe radhi kwa yale maneno yangu ya jikoni. "Inuka," akasema. "Hata mimi nilijiambia hayohayo."

Kisha akajifuta mikono. "Kesho tunashuka."

Jana alfajiri alipanda mbele, kushoto. Nilipotaka kumshushia kioo akanizuia.

"Funga."

"Mama, siyo lazima."

"Nimesema funga. Na cha kwako."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliendesha gari lako bila kuisikia injini. Sikuthubutu kumtazama. Tukapita Soni. Tukapita pale ulipogeuzia gari, akauma midomo. Tukamaliza zile kona sita. Mombo alisema nisimame, nikasimama, akateremka akajigusa paji la uso kwa viganja vyote viwili. Hakuna kitu. Akacheka, akacheka sana, halafu akaanza kukugombeza kwa Kizigua, lugha ya kwao, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, mpaka wauza ndizi wakaacha biashara. Mengi sikuyaelewa. Yale niliyoyaelewa sikuandikii.

Korogwe tulifika kabla ya adhuhuri, kama tulivyopaswa kufika.

Mama Mdogo Zuhura alikuwa anaanika nguo. Alituona akabaki na shuka mkononi. Nilimwamkia, nikamweleza nikiwa nimesimama hapohapo kwenye kamba, kwa sababu niliogopa tukikaa nitakosa ujasiri. Nikamwonyesha urefu wa ule mpira kwa mkono wangu. Alinitazama, akautazama mkono, akamtazama dada yake kwa muda mrefu. Shuka likaanguka. "Dada, shikamoo," akasema, kisha akakaa chini kwenye nguo zake safi.

Leo mchana kutwa walikuwa chumbani, mlango umefungwa. Mama alitaka aelezwe, na Mama Mdogo akamweleza kwa mpangilio: maji yalichemshwa na nani, mkono upi uliooshwa kwanza, nywele zilisukwa mikia mingapi, uso wa Bibi ulikuwaje kabla ya kufunikwa. Mama alirudia kila neno baada yake. Mimi nilikuwa barazani nasikia, na ndipo nilipoomba karatasi kwa watoto nikaanza kukuandikia.

Sikuandikii kukuhukumu. Nimejaribu kukasirika nawe nikaishia kukulilia, nimejaribu kukulilia nikaishia kukasirika. Ningekuwa na uwezo ningekuamsha kwa dakika kumi tu, nikuonyeshe lile tundu, nione uso wako, halafu nikushike. Mungu akupe nuru huko. Nakuombea hivyo na ninamaanisha, hata nikiwa nimekunja uso.

Sasa hivi Mama ametoka. Amenikuta na kalamu, akauliza namwandikia nani, nikamwambia. Nilidhani atanicheka. Amekaa kando yangu, macho yamemvimba, nikamwuliza kama ana la kukuambia.

"Mwambie nimefika," amesema. "Mwambie na siku ile ningefika."

Wako,
binti yako mkubwa, dereva wa Mama